Chumba cha Van Gogh chenye kuta za zambarau: shajara ya mradi

Mradi huu unahusu picha moja tu: chumba cha kulala ambacho Vincent van Gogh alikichora mjini Arles, kusini mwa Ufaransa, Oktoba 1888. Wengi tunakijua kwa kuta zake za buluu, na wanafunzi wangu hukinakili hivyo kila mwaka. Kuta hizo hazikuwa za buluu alipoweka brashi chini. Zilikuwa zambarau iliyopauka. Nataka kukichora upya kwa rangi alizozitaja mwenyewe kwenye barua zake, tena nyekundu yenyewe niitengeneze kwa mkono kutokana na kemikali ileile iliyomponza, niione inavyotoroka. Nitakuwa naongeza maelezo kila hatua inapokamilika, pamoja na bei, ili anayetaka kuirudia kazi hii ajue pa kushika na pa kukwepa.

3 Februari 2024: Barua mbili

Tarehe 16 Oktoba 1888 Van Gogh alimwandikia mdogo wake Theo, aliyekuwa akiuza picha mjini Paris, na ndani ya barua akamchorea kielelezo kidogo cha chumba. Kesho yake akamwandikia mchoraji mwenzake Paul Gauguin, ambaye Van Gogh alikuwa akimngoja kwa hamu aje Arles waishi na kufanya kazi pamoja katika Nyumba ya Manjano pale Place Lamartine, nyumba yenye chumba hicho. Ukizisoma barua hizo mbili kwa pamoja unapata orodha ya rangi isiyoacha shaka: kuta zambarau hafifu, sakafu ya vigae vyekundu, kitanda na viti vya manjano, shuka na mito ya kijani cha ndimu kilichopauka sana, blanketi jekundu la kuiva, dirisha la kijani, meza ya kunawia ya rangi ya chungwa, beseni la buluu, milango ya zambarau. Nyeupe iko mahali pamoja tu, kwenye kioo kidogo chenye fremu nyeusi.

Iangalie orodha hiyo kwa jicho la mchoraji. Nyekundu ya blanketi ina kijani cha dirisha. Chungwa la meza lina buluu ya beseni. Manjano ya kitanda ina zambarau ya ukuta. Nyeusi ya fremu ina nyeupe ya kioo. Ni jozi nne za rangi zinazokabiliana, na yeye mwenyewe alimweleza Gauguin kwamba kile kioo amekiweka kwa makusudi ili jozi ya nne itimie. Alikuwa ametoka kwenye siku za kazi nzito, macho yamemchoka, na alitaka picha inayompumzisha mtu anayeitazama. Kwa hiyo alifuta vivuli vyote na kupaka rangi bapa, kwa mfano wa picha za Kijapani zilizochapwa kwa mbao ambazo yeye na wenzake walizipenda mno.

Sasa ukuta ukigeuka buluu, kitanda cha manjano kinabaki bila mwenzake. Jozi kubwa kuliko zote kwenye picha, ile inayochukua nafasi pana kuliko zote, imevunjika. Tunachonakili darasani ni picha yenye jozi tatu, na tunawaambia wanafunzi kwamba hivyo ndivyo alivyotaka. Jambo hilo linanikera, na ndilo lililonisukuma kuanza.

Kwa wasiofahamu, picha hii ina nakala tatu za mkono wake. Ya kwanza, ya Oktoba 1888, iko katika Makumbusho ya Van Gogh, Amsterdam. Iliharibiwa na unyevu wakati yeye akiwa hospitalini, ndiyo maana Septemba 1889, akiwa Saint-Rémy, akachora nyingine ya ukubwa uleule, ambayo leo iko Taasisi ya Sanaa ya Chicago, na ya tatu iliyo ndogo kwa ajili ya mama yake na dada yake, ambayo iko Musée d'Orsay, Paris. Mwaka 2016 Chicago waliziweka zote tatu ukumbi mmoja. Mimi nafuata ya kwanza, kwa kuwa ndiyo inayoelezwa na barua.

10 Februari 2024: Kitambaa

Picha ya asili ina takriban sentimita 72 kwa 91, kipimo ambacho maduka ya Ufaransa ya wakati ule yalikiita namba 30. Mimi nimechukua nusu ya kila upande, 36 kwa 45, na nimetengeneza mbili. Moja itapakwa nyekundu inayokimbia, nyingine nyekundu ya kisasa isiyokimbia. Bila ya pili hakuna cha kulinganisha.

Kuna atakayeniuliza kwa nini sikutumia gunia, maana picha nyingi za Van Gogh na Gauguin za Arles zimechorwa juu ya gunia la juti. Ni kweli, lakini gunia lile lilinunuliwa baada ya Gauguin kuwasili, tarehe 23 Oktoba, na chumba kilikuwa kimeshachorwa siku chache kabla. Basi nimetumia amerikani nzito ya Kariakoo. Fremu za mbao nimemwachia fundi wa Keko.

Matatizo yalikuwa mawili. Amerikani iliponyonya gundi ya kuiandaa kwa rangi ilijikunja kwa nguvu hadi fremu ikapinda pembe. Dawa yake ni kuifua kwanza kwa maji ya moto, ikauke, ndipo uikaze, na fundi aongeze vibao vya mshazari kwenye pembe nne. La pili lilikuwa gundi yenyewe. Nilitumia jelatini ya kupikia, ambayo ni ndugu wa gundi za ngozi walizotumia wachoraji wa Ulaya. Kwa hewa ya pwani haifai. Ndani ya wiki kitambaa kilikuwa na madoa ya ukungu kwa nyuma. Nilikivua, nikaweka kipya, na safari hii nikapaka jeso ya akriliki, ile rangi nyeupe ya kuandalia kitambaa, mikono miwili. Si ya karne ya 19, ila haiozi.

24 Februari 2024: Nyekundu yenyewe, jaribio la kwanza

Hapa ndipo moyo wa mradi ulipo, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu.

Wachoraji wa miaka ya 1880 walikuwa na rangi ambazo babu zao hawakuzijua. Viwanda vya kemikali vilikuwa vikitoa rangi mpya karibu kila mwaka, na tyubu za bati, zilizobuniwa na John Goffe Rand mwaka 1841, ziliwawezesha kubeba rangi hizo hadi shambani. Miongoni mwake ilikuwamo eosini, rangi nyekundu yenye kung'aa iliyotoka katika maabara za Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1870. Eosini huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo haiwezi kupakwa moja kwa moja kama unga wa rangi. Lazima uikamatishe kwenye madini fulani ili igeuke unga usioyeyuka. Unga wa namna hiyo huitwa laki, na laki ya eosini iliuzwa Paris kwa jina la laki ya jerani, kwa kuwa unafanana na ua la jerani jekundu. Van Gogh aliipenda sana na aliiagiza tena na tena kupitia kwa Theo.

Eosini haijapotea. Kila maabara ya hospitali inayochunguza vipande vya nyama ya mwili chini ya hadubini huitumia kutia rangi, kwa hiyo wauzaji wa vifaa vya maabara wanayo. Nilinunua chupa ya gramu 25. Madini ya kukamatishia ni aluminiamu, na aluminiamu rahisi kuliko zote ni shabu, ile ile ya kutakasia maji. Nilipofika kwa mzee muuza dawa za asili na viungo akaniuliza, "Ya kunyolea au ya maji, mwanangu?" Nikamwambia, "Shikamoo mzee, ya kutengenezea rangi." Akanipimia kipande kikubwa, akasema nimrudie nikifanikiwa.

Jaribio: gramu 5 za eosini kwenye nusu lita ya maji ya uvuguvugu, na gramu 20 za shabu iliyosagwa kwenye nusu lita nyingine. Maji ya eosini ni ya kustaajabisha. Ukitazama katikati ya chombo ni mekundu mazito, lakini pembeni, panapopita mwanga, yanatoa kijani kinachowaka. Nilipomimina shabu, kile kijani kikazimika mara moja na maji yakawa na vumbivumbi jekundu. Vizuri. Ila mashapo yalikuwa machache na laini mno, yakapita kwenye kitambaa cha kuchujia tui karibu yote. Yaliyobaki, yalipokauka, yalikuwa magumu na yenye rangi ya matofali, na nilipoyasugua kwa kidole chenye maji, kidole kikageuka chekundu. Maana yake eosini haikukamatwa na aluminiamu. Sehemu kubwa ilikuwa imeanguka peke yake kwa sababu ya ukali wa shabu.

2 Machi 2024: Magadi

Shabu ni ya asidi. Ili aluminiamu iliyomo igande na kubeba rangi, lazima asidi hiyo ipunguzwe taratibu. Viwandani walitumia soda. Soda yetu ni magadi, na magadi ya kupikia maharage yanapatikana kila genge.

Mara ya kwanza niliyayeyusha magadi na kuyamimina yote kwa pamoja. Povu likapanda hadi likamwagika nje ya chombo, kwa sababu magadi yakikutana na asidi hutoa gesi. Povu liliposhuka, mashapo yaliyokuwapo yakayeyuka mbele ya macho yangu, na kile kijani kinachowaka kikarudi pembeni mwa chombo. Hiyo ndiyo ishara: kijani kikirudi, magadi yamezidi na eosini imekimbilia tena kwenye maji. Kuongeza shabu kulirudisha sehemu ya rangi, ila chengachenga zilikuwa za kijivu kidogo, kwani magadi ya gengeni yana mchanga na udongo.

Utaratibu uliofaa ni huu. Yeyusha magadi, yaache usiku kucha yatue, chukua maji ya juu tu. Changanya eosini na shabu kwenye ndoo kubwa kuliko unavyodhani unahitaji. Tia magadi kijiko kwa kijiko huku unakoroga, ukipima asidi kwa karatasi za litimasi. Acha kabla karatasi haijaanza kuelekea buluu. Mashapo yatakuwa mazito na yatatua chini ndani ya saa moja. Chuja kwa kitambaa kilichokunjwa mara nne, osha kwa maji safi hadi maji yanayotoka yawe na rangi kidogo tu ya waridi, kisha kausha kivulini. Nasisitiza kivulini. Unga uliotoka safari hii ni mwekundu unaoelekea waridi, mkali kiasi kwamba picha ya simu haiwezi kuushika.

Vaa glavu. Eosini haitoki mikononi wala kwenye sinki.

16 Machi 2024: Kusaga kwenye mafuta

Rangi ya mafuta haikauki kama maji yanavyokauka. Mafuta ya kitani hunyonya hewa na kugeuka ngozi ngumu. Kwa hiyo aina ya mafuta ni jambo kubwa.

Mafuta ya kitani yanayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi yameshachemshwa na kutiwa vikausho kwa ajili ya mbao. Yana rangi ya asali iliyokolea na yaliifanya laki yangu iwe na weusi fulani. Halafu yalifunga ngozi juu huku chini ni mabichi, na ngozi ikajikunjakunja. Yasinunuliwe kwa kazi hii. Yaliyofaa ni mafuta ya mbegu za kitani yanayouzwa kama chakula cha afya, yaliyokamuliwa bila moto. Soma kibandiko kwanza: yakiwa yameongezwa vitamini E hayatakauka kwa wakati, maana kazi yake ni kuzuia hewa isiyabadilishe.

Laki inakunywa mafuta kupita unga mwingine wowote niliowahi kusaga. Weka unga kwenye kioo kinene, tengeneza shimo katikati, tia mafuta matone machache, ponda kwa kisu cha rangi, kisha saga kwa kitako bapa cha glasi nzito kwa mzunguko mpana. Mwanzoni unaonekana mkavu na unashawishika kuongeza mafuta. Usiongeze. Endelea kusaga na wenyewe utalainika hadi uwe kama samli iliyoganda. Van Gogh alisisitiza kwa Theo kwamba laki yake iwe imesagwa karibuni, na sasa naelewa. Iliyokaa wiki moja kwenye kijichupa ilikuwa imeshaachana na mafuta yake, juu mafuta, chini donge.

6 Aprili 2024: Vipande vya jua

Kabla ya kugusa picha nilipaka vipande vya karatasi nzito, kila kimoja nusu kimefunikwa kwa foili, nikavibandika kwenye kioo cha dirisha la mashariki. Kulikuwa na laki tupu, laki kidogo katika nyeupe nyingi, laki na buluu na nyeupe (yaani zambarau ya ukutani), alizarini ya dukani, ambayo ni nyekundu nyingine, na kwinakridoni, ile nyekundu ya kisasa ya waridi.

Masika yameanza na siku nyingi ni za mawingu. Hata hivyo laki iliyochanganywa na nyeupe ilianza kupauka mapema kabisa, na hadi leo upande uliokuwa wazi ni krimu tu yenye kumbukumbu ya waridi. Zambarau imekuwa buluu. Ukiinua foili unaona mstari ulionyooka kati ya rangi mbili ambazo mtu asingeamini kwamba zilitoka kwenye rundo moja. Laki tupu, iliyo nene, bado nyekundu, ila imepoteza ule moto wa juu. Kwinakridoni haijasogea. Alizarini nayo iko pale pale kwa sasa.

Hapa kuna jibu la swali ambalo wanafunzi wameniuliza: kwa nini blanketi bado jekundu lakini kuta zimegeuka? Ukuta ulikuwa na nyekundu kidogo sana ndani ya nyeupe na buluu nyingi. Kila chembe ya nyekundu ilikuwa peke yake, imezungukwa na weupe unaorudisha mwanga juu yake kutoka kila upande. Rangi iliyojaa hujikinga yenyewe, tabaka la juu likifa la chini linabaki. Rangi iliyotiwa kidogo haina wa kuikinga.

Na si chumba hiki peke yake. Picha za maua ya irisi na waridi ambazo Van Gogh alizichora Mei 1890, karibu na kuondoka Saint-Rémy, zilioneshwa pamoja katika Makumbusho ya Metropolitan, New York, mwaka 2015 kwa sababu hiyo hiyo. Irisi zilizo mbele ya ukuta mweupe zilikuwa mbele ya ukuta wa rangi ya waridi, na waridi jeupe lilikuwa na rangi ya waridi kweli. Auguste Renoir, katika picha ya Bi Léon Clapisson ya mwaka 1883 iliyoko Chicago, alitumia nyekundu ya wadudu, kamini, nyuma ya yule mama. Picha ilipotolewa kwenye fremu, ukingo uliokuwa umefunikwa ulionekana mwekundu mkali, wakati sehemu iliyokaa kwenye mwanga imekuwa baridi na ya kijivu. Hata Georges Seurat, aliyekuwa mwangalifu kuliko wote, manjano ya zinki kwenye picha yake ya Jumapili katika kisiwa cha La Grande Jatte iligeuka kahawia ndani ya miaka michache tu.

Van Gogh hakuwa mjinga wa jambo hili. Aprili 1888 alimweleza Theo kwamba rangi zilizoletwa na mtindo mpya hazina msimamo, na kwamba hiyo ndiyo sababu ya kuzipaka kwa ukali bila woga, maana muda utazilainisha kupita kiasi. Nikitazama vipande vyangu dirishani, maneno hayo nayachukulia kwa uzito. Alipaka zambarau ile akijua.

27 Aprili 2024: Nyeupe

Nyeupe ya titani, ambayo ndiyo iliyojaa madukani, ina nguvu mno. Tone moja likiingia kwenye zambarau, zambarau inakuwa chaki, na ukiongeza laki kufidia unapoteza ulinganifu. Isitoshe haikuwapo kwenye paleti ya mchoraji yeyote mwaka 1888. Yeye alitumia nyeupe ya risasi na nyeupe ya zinki. Ya risasi ni sumu na sitaileta karibu na wanafunzi. Ya zinki ni oksidi ileile wanayouza kwenye maduka ya dawa kwa ajili ya ngozi, na kwa bei ya tyubu moja unapata unga wa kutosha picha kadhaa.

Inasagika vizuri, ina ubaridi mzuri, na inaiacha laki iseme. Kasoro zake ni kwamba inakauka polepole sana, hasa masika haya, na ikikauka inakuwa kavu ya kuvunjika. Tabaka nene za majaribio zimeshaanza nyufa nyembamba. Kwa hiyo kuta nitazipaka nene kiasi tu, na sehemu za kunyanyuka, kama mito na ukingo wa kitanda, nitachanganya zinki na titani.

Kwa sababu hiyohiyo ya sumu, manjano ya kromu, ambayo ni ya risasi, nimeibadili kwa ya kadimiamu, na kijani chenye aseniki kwa viridiani. Viridiani na buluu ya kobalti zilikuwapo wakati wake, kwa hiyo hapo sijatoka nje.

18 Mei 2024: Kuchora chumba

Mistari ilichukua muda mfupi kuliko nilivyotarajia, baada ya kuacha kupambana nayo. Ukuta wa nyuma unaonekana umepinda na sakafu inaelekea kummiminikia mtazamaji, na wanafunzi husema hajui pespektiva. Chumba chenyewe hakikuwa cha mraba. Kilikuwa pembeni mwa jengo na ukuta wa mbele ulikwenda mshazari, basi kona moja ni pana na nyingine ni finyu. Hatuwezi kwenda kupima, kwa kuwa nyumba ile ilipigwa na bomu mwaka 1944 katika Vita vya Pili vya Dunia na haipo tena. Nilinakili mistari kama ilivyo, kwa miraba ya penseli.

Kwenye ukuta wa kulia, juu ya kitanda, kuna picha mbili za watu, mchoraji Mbelgiji Eugène Boch na askari Milliet. Kwa kipimo changu kila uso una ukubwa wa stempu, kwa hiyo nimeweka madoa machache tu ya rangi.

Tatizo lilikuwa mpangilio wa kupaka. Nilianza na kuta, na zinki ikakataa kukauka. Kila nilipokuja kwenye kitanda, manjano ilikokota zambarau na kuwa kahawia kwenye mpaka, na mpaka wa manjano na zambarau ndio kila kitu katika picha hii. Nilikwangua ule ukingo wote kwa kisu. Picha ya pili nimeanza na kitanda, viti na blanketi, nikaviacha vikauke hadi ngozi, ndipo nikajaza ukuta kuvizunguka, brashi ikielekea mbali na manjano. Anayerudia afuate mpangilio huo.

15 Juni 2024: Manjano karibu na zambarau

Picha zote mbili zimekamilika na zinaonekana pacha. Ya kwanza ina laki ya eosini kwenye kuta, milango na sakafu (sakafuni nimeongeza udongo wa manjano kidogo). Ya pili ina kwinakridoni mahali hapohapo.

Michel Eugène Chevreul, mkemia Mfaransa aliyesimamia upakaji rangi katika kiwanda cha Gobelins, alichapisha mwaka 1839 maelezo ya jinsi rangi mbili zikikaa pamoja zinavyosukumana. Wachoraji wa nusu ya pili ya karne ile walilelewa na mafundisho hayo. Nimeyasoma na kuyafundisha kwa miaka, lakini kuyaona ni kitu kingine. Nilikata karatasi ya buluu, ile buluu ya picha za vitabuni, nikaipachika juu ya ukuta wa picha ya pili, nyuma ya ubao wa kichwa cha kitanda. Manjano ikaelekea chungwa papo hapo, ikawa nzito, na kitanda kikaonekana kusogea mbele. Nikaiondoa karatasi. Manjano ikatulia, ikawa siagi, kitanda kikarudi kukaa ndani ya chumba. Nimewafanyia wanafunzi wa kidato cha tatu hivyohivyo bila kuwaeleza chochote, na mmoja akasema, "Mwalimu, sasa kitanda kimelala."

Ndicho alichomwandikia Theo. Pumziko lile alilolitaka linatokana na ukuta, na ukuta huo ndio uliotoroka.

10 Agosti 2024: Juani

Picha ya kwanza imekaa ukutani kwenye baraza, panapopigwa na jua la asubuhi, ukingo wake wote umefungwa foili upana wa vidole viwili badala ya fremu. Tangu kipupwe kianze jua limekuwa safi.

Leo nimefungua foili upande wa kushoto. Kuta zimekuwa buluu iliyopauka, ileile ya kalenda na vitabu. Milango imefuata. Sakafu imepoteza wekundu wake na kuwa kahawia yenye rangi ya vumbi. Blanketi halijabadilika, wala dirisha, wala meza. Chini ya foili zambarau iko salama, na inapokutana na buluu hakuna hatua ya kati. Picha ya pili, iliyokuwa ubavuni pake juani kwa muda uleule, haijabadilika popote.

Kasoro mbili zimejitokeza. Ukuta wa juu kushoto, nilipopaka zinki nene, una nyufa. Na laki ilipita kwenda kwenye mito: mafuta yalipokuwa mabichi, eosini ilivuja ikaacha kivuli cha waridi kwenye kijani cha ndimu. Nadhani unga haukuoshwa vya kutosha, kwa hiyo rundo linalofuata litaoshwa hadi maji yatoke meupe kabisa.

Gharama hadi leo, kwa shilingi za Tanzania: fremu mbili 16,000, amerikani 9,000, jelatini iliyoota ukungu 4,000, jeso 28,000, eosini 70,000, na zaidi ya nusu ya chupa imebaki, shabu na magadi 3,000, mafuta ya kitani yasiyofaa 8,000 na yaliyofaa 24,000, oksidi ya zinki 12,000, tyubu za kobalti, kadimiamu mbili, viridiani na kwinakridoni 135,000. Jumla 309,000. Ukiruka jelatini na mafuta ya kitani ya duka la ujenzi unaokoa 12,000. Ukitumia buluu ya altramarini badala ya kobalti bei ya tyubu inashuka sana, ila zambarau yake inakuwa ya joto zaidi, kwa hiyo punguza laki.

Asiye na fedha za picha nzima anaweza kufanya vipande vya dirishani tu. Vinahitaji eosini, shabu, magadi, mafuta, zinki na buluu yoyote, na chupa moja ya eosini inatosha shule kadhaa zikigawana. Foili ya upande wa kulia nitaiacha hadi Desemba, jua la utosi likipita. Mzee wa shabu nimempelekea kipande cha karatasi chenye zambarau na buluu, amekibandika dukani.